Wanawake Waliomshukia Shabani

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mwanahamisi, Tanga.

Shikamoo mama. Naiweka shikamoo mbele, nawe nipe marahaba yangu sasa hivi, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda ukaninyima.

Habari za tangu tulipoachana? Goti lako la kushoto linasemaje na masika haya, bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Paa la ukumbini limeezekwa au mvua bado inakulalia kitandani? Sisi huku tu wazima, mimi, mume wangu Feruzi na mtoto wetu Zuhura, alhamdulillahi, ila baridi ya chini ya huu mlima Meru inaingia mpaka kwenye meno. Feruzi bado ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka la Mhindi, karibu na boma la Wajerumani.

Aliyeleta barua nimemwagiza asimpe mtu ila Tatu, binti wa mjomba, na Tatu ndiye akusomee, si mwalimu wa chuo. Tatu mdogo wangu, soma kwa sauti. Usiruke neno hata shangazi yako akikukemea. Mambo haya yanakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Mama, maneno yako yalinifika. Umesema mke wa huku wa mwanao Shabani ni mtu wa porini, kwamba wewe umemwekea Tatu, na Shabani akija safari hii amwoe aje naye Arusha. Basi Shabani yuko njiani. Anakuja kwa miguu na ng'ombe wake waliobaki, tena anachechemea, kwa hiyo barua itamtangulia. Atakuambia amejeruhiwa na nyati. Mama, hakuna nyati.

Wewe unamjua Shabani wa mkekani kwako. Mimi ndiye dada yake mkubwa, lakini nani alimnawisha mikono mwenzake? Nani alimwachia kichwa cha samaki kila siku akala miba? Nikinung'unika uliniambia, "Mwanamume hajibiwi." Shabani alikuwa hata jino la mbele halijaota, tayari hajibiwi! Neno hilo alilibeba kuliko mzigo wowote wa biashara, akaja nalo mpaka huku.

Alipofika alianza kubadilishana na Waarusha, anawapa nguo na shanga, wanampa ng'ombe. Akajenga Elerai, mwendo mdogo kutoka bomani, akamwoa binti wa Kiarusha anaitwa Nasieku. Huyo unayemwita wa porini, mama, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, na nilipougua homa alikuja na maziwa kila asubuhi akaninywesha kama mtoto. Kiswahili chake cha kuokoteza, na Kimaa changu bure kabisa, lakini tulielewana kuliko mimi na wewe.

Sasa sikiliza desturi yao. Ng'ombe ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke. Mke anakamua, mke anagawa, na mume akitaka anaomba kama mgeni. Shabani alipoona askari wananunua maziwa pale bomani, akabeba vibuyu vya Nasieku akaenda kuuza. Hakuuliza. Siku ya pili akavifuata tena, na Nasieku akasimama mlangoni, mimba yake imeshakuwa kubwa, akamwambia mbele ya majirani, "Ng'ombe wako. Maziwa yangu." Majirani wakacheka.

Shabani akaona ameaibishwa. Alingoja wale watu waondoke, akampiga. Akampiga teke la tumbo, mama. Nilipoitwa nikamkuta Nasieku amejikunja chini, na ndugu yangu amekaa nje ya mlango anakunywa yale maziwa. Nikamwuliza, "Umefanya nini wewe?" Akanijibu, na wallahi sauti ilikuwa yako, "Mwanamume hajibiwi."

Mtoto alitoka siku ile ile, mfu. Wa kiume. Mjukuu wako nilimfunga mimi kwa kitambaa cheupe alichokikata Feruzi, tukamzika mimi na Feruzi nyuma ya migomba. Shabani hakuja kushika hata jembe. Alisema mambo ya uzazi ni ya wanawake. Tatu, usilie. Soma.

Moyo wangu ulikuwa mweusi, mama, sikufichi. Kila nilichokishika, mchi, kisu, kuni ya moto, nilikiona kwanza kichwani mwa Shabani. Feruzi akasema twende tukashitaki kwa bwana shauri, yule Mjerumani anayeamua kesi. Nikakataa. Bwana shauri angempiga viboko, na Shabani angerudi barazani kuwaonyesha wenziwe makovu na kuwaambia hakulia. Mimi sikutaka kisasi cha kujisifia. Nilitaka kile ambacho hataweza kumsimulia mtu mpaka anaingia kaburini.

Nikalitoa lililokuwa rohoni pale mferejini tunapofua nguo. Alikuwapo mke wa askari mmoja, Mnyamwezi, mwanamke wa maneno. Akasema, "Unashangaa nini? Wanaume wote ni hao hao. Dawa yao ni kuwalia vyao na kuwaacha." Nikamwambia si wote, wangu nikiumwa hubeba mtungi mwenyewe akaja kuteka hapa hapa, mkamcheka. Akasema, "Basi huyo si mwanamume." Ee! Nikamjibu, "Na aliyemwua mwanawe ndiye mwanamume?" Tukabishana mpaka povu likatuishia, huyu anasema hawa ni wa kuogopwa, yule anasema ni wa kuhurumiwa, mwingine anasema mwanamke naye anazidi mdomo. Huyo wa mwisho nusura nimtie kichwa mferejini.

Bibi yake Nasieku alikuwa ameketi pembeni, kikongwe mkavu, wao humwita koko, maana yake bibi. Kiswahili kidogo anacho. Akasema, "Sisi hatupigi mwanamume kwa sababu ni mwanamume. Huo ni upuuzi. Tunampiga yule." Kisha akaniuliza mimi, "Ni kweli alimpiga na mimba?" Nikasema kweli, na mtoto nimemzika mimi. Akanitazama sana. "Wewe ni dada yake. Sisi tukianza hatusimami. Utafanya nini siku hiyo?" Nikamwambia, "Nitawaonyesha dume la ng'ombe analolipenda, mlichinje."

Jambo lenyewe lina jina kwa lugha yao, ulimi wangu unajikwaa. Kwao mtu akimdhuru mwenye mimba amekosea matumbo yote ya nchi, si la mkewe tu. Basi wanawake wote wanatoka, kuanzia vikongwe mpaka wari walioolewa juzi, na hakuna mwanamume anayethubutu kuwazuia. Waarusha wote wanajua. Shabani hajui, kwa sababu Shabani hakuwahi kuuliza cha wanawake tangu azaliwe.

Asubuhi ile nilikwenda kwake mapema nikampikia uji. Ndiyo, mama, kwa mikono hii. Tukasikia nyimbo zinateremka kutoka mlimani, sauti nyingi za kike. Akauliza, "Ngoma gani hiyo?" Nikasema, "Katazame." Akawaona wanakuja na majani mabichi mikononi, wamejaa njia nzima, na unajua alifanya nini? Alifurahi! Akadhani wamekuja kumchezea kwa kuwa ni tajiri wa ng'ombe. Akaingia ndani akavaa kanzu safi, akachukua tumbaku na shanga za kuwatuza, akasimama mlangoni anacheka. "Karibuni mama zangu, karibuni!" Akawarushia tumbaku. Hakuna aliyeinama kuokota.

Koko alianza na kofia. Aliivua taratibu akaitia matopeni. Baada ya hapo, mama, sikuweza kuhesabu mikono. Fimbo, majani, makofi, kanzu ikararuka mpaka akabaki kama ulivyomzaa. Wengine walikuwa juu ya nyumba wanang'oa nyasi za paa. Majirani wanaume waligeuza nyuso, kila mmoja akajitia anatengeneza ua wake. Shabani akanililia, "Dada! Dada, waambie!" Nikanyamaza. Si mwanamume hajibiwi?

Nikawaonyesha dume, lile jeupe aliloliita Sultani. Wakaliangusha pale pale uani, wakachoma, wakala mbele yake. Mimi sikula, maana halikuchinjwa kwa sheria yetu, lakini moto nilichochea mimi. Nilipuliza mpaka macho yakanitoka machozi, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu siku ya harusi yangu.

Kesho yake Shabani akaenda bomani kushitaki. Feruzi alikuwa pale amepeleka suruali za askari, akashuhudia yote. Uwanja umejaa watu wa kesi. Askari wa zamu akamwuliza, "Nani kakupiga?" Shabani akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kulia na kushoto, wanaume watupu wanamngoja. Akasema, "Nyati." Askari akamzunguka akamtazama mgongo. "Nyati gani huyu anachapa fimbo?" Uwanja mzima, ha! Bwana shauri naye akatoka, na yule mtu kwa uwindaji ana wazimu, akasikia habari ya nyati, akaagiza bunduki na kumwamuru Shabani awaonyeshe mahali. Basi mwanao alipandishwa msituni na matako yale yaliyochapwa, mbele ya Wazungu na mbwa wao, anamtafuta nyati ambaye hayupo, mpaka jua likateremka. Feruzi alipokuwa ananisimulia alijaribu kuona huruma. Mimi nilicheka mpaka Zuhura akaja kunitazama.

Sikumfunga mdomo mimi. Uanaume wake ndio uliomfunga. Angesema tu, "Wanawake wamenipiga," huenda wangekamatwa, na mimi wa kwanza. Hakuweza. Sasa Nasieku amerudi kwao mlimani na hawarudishi ng'ombe wa mahari hata mmoja, na Shabani kila akipita sokoni wanawake wanauanzisha ule wimbo chinichini, huku wanapanga ndizi zao. Ndiyo maana amekumbuka nyumbani.

Mama, Tatu haji huku. Nasema haji. Sitazika mwingine. Tatu, ukiitwa ukaulizwa kama umeridhia, sema hapana kwa sauti hiyo hiyo unayosomea sasa. Wakisema una adabu mbaya, waambie umefundishwa na Saada.

Najua utasema nimemwuza ndugu yangu wa tumbo moja. Sema. Feruzi naye ananiambia nisamehe, nikamwambia ashone. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe uliponichapa kwa sababu ya chungu kilichovunjika. Kwa Shabani hukuchapa hata mara moja. Nilivumilia hilo miaka yote, lakini tangu siku ya migomba sivumilii tena.

Nisalimie mjomba, baba yake Tatu, mwambie binti si kitumbua cha kumpelekea mgeni. Nisalimie shangazi mkubwa, mkunga wetu, yeye atanielewa. Nisalimie jirani yako muuza mkaa na wanawe wote. Feruzi anakushika miguu, anasema kanzu ya mjomba itakuja na msafara ujao. Zuhura anakusalimu, anauliza kama bahari inalala usiku.

Na neno hili ndilo la mwisho. Walipokwisha kula, wakafuta visu kwa majani, koko akaja akaketi kando yangu. Akaniuliza kama huyu Shabani ana mama. Nikasema anaye, yuko Tanga, ndiye aliyemlea mpaka akawa hivi alivyo. Akawaeleza wenziwe kwa lugha yao, wakatazamana, wakanong'ona. Kisha akasema, "Basi tumeanzia mwisho." Akataka kujua kama Tanga ni mbali. Nikamwambia zamani palikuwa mbali sana, lakini siku hizi kuna gari la moshi.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Saada, mke wa Feruzi fundi,
Arusha