Kitanda cha Saba

Brussels, Schaerbeek
Mwisho wa Agosti

Kwako Yaya Godelive, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni unasonga bukari kwa mkono mmoja na kuisoma kwa mkono mwingine, maana nakujua. Habari za huko Katuba? Mguu wa mama umepungua kuvimba? Na yule fundi aliyefungua paa la jikoni akaenda kula, amesharudi, au bado mnapikia chini ya mwamvuli? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Félicité ni mzima, watoto ni wazima, mimi pia ni mzima, isipokuwa tumbo langu, ambalo linaendelea kukua bila kuniomba ruhusa. Kazi ni ileile: kuwasukuma wagonjwa kwenye vitanda vyenye magurudumu pale hospitali kubwa ya Jette, kutoka chumbani mpaka kwenye upasuaji, na kuwarudisha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kadi ya simu huisha pale hasa maneno yanapoanza kunoga. Tena kila ninapokupigia, Odette anakuwa amesimama nyuma yangu akingoja zamu ya kusema na mama yake, na ninayotaka kukueleza yanamhusu yeye. Barua utaletewa na mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja Lubumbashi kumwoza mdogo wake.

Uliniuliza kwenye simu, "Mutoto wangu amezoea?" Nikasema amezoea. Ulifurahi, tukaagana, na mimi nikabaki nimeshika simu, nikijua nimekujibu kama daktari anayewahi kwenda kula. Ukweli ni kwamba sikujua. Odette yuko kwangu mwaka wa pili sasa, tangu baba yake atutoke, na hajanipa hata siku moja sababu ya kupaza sauti. Anaosha vyombo kabla hajaambiwa. Nyama ikipita mezani anachukua kipande kidogo. Ukimpa maji anasema asante. Wamama wa kanisani wananipongeza, nami napokea pongezi kana kwamba nimemlea mimi. Lakini Yaya, sisi tulikua tisa kwa mama yetu, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyesema asante kwa maji.

Bon. Mwezi wa sita watoto wote walifaulu shuleni, hata Junior, ambaye mwalimu wake alikuwa ameshanipa pole. Ikabidi nitimize ahadi niliyoitoa zamani nikiwa na hakika kwamba haitanigharimu: kuwapeleka kwenye parc d'attractions, ule uwanja mkubwa wa mashine ambako watu wenye akili zao wanalipa ili warushwe juu, wageuzwe kichwa chini, kisha warudishwe ardhini wakiwa na machozi. Tena si kwenda na kurudi. Tulale hukohuko, kwenye hoteli iliyojengwa kama meli ya maharamia. Watoto walikuwa wameiona kwenye karatasi za matangazo, na mdogo wao, Trésor, alikuwa analala na hiyo karatasi.

Alors, hesabu yetu unaijua: mimi, Félicité, Clarisse wetu wa kwanza, Odette wako, na wavulana watatu. Saba. Nikaenda kwenye duka la simu la Mturuki mmoja hapa mtaani, nikakaa mbele ya kompyuta. Ikaniuliza wakubwa wangapi. Nikaandika wawili. Watoto wangapi? Nikabonyeza moja, nikabonyeza mbili, ikakataa kwenda mbele. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka Mturuki akaja kuniuliza kama nataka kuinunua.

Hapa Ulaya, Yaya, familia ni watu wanne. Treni zao zinatujua, wana hata kadi ya kupunguzia nauli familia kubwa, lakini ukishuka kwenye treni hakuna mahali pa kulala. Kila chumba kinachoitwa cha familia kina kitanda kikubwa kimoja na vidogo viwili, na juu yake picha ya baba, mama, mvulana na msichana, wote wanacheka. Hata mimi ningekuwa nimeenea chumbani hivyo ningecheka. Ukiwa na saba unachukua vyumba viwili, na bei ya viwili ilinifanya niifunge ile kompyuta polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nikapiga simu hotelini. Nikamweleza yule mama aliyepokea, kwa ile sauti yangu ya kusoma matangazo kanisani, kwamba tutakuja na godoro letu na kulitandika chini. Akasema sheria ya moto hairuhusu. Nikamwambia sisi tulilala tisa chumba kimoja na hakuna aliyeungua. Akaniuliza kama kuna jambo lingine anaweza kunisaidia.

Papa Ilunga, mwenzangu wa kwaya, ndiye aliyeniletea ujanja. Niandikishe watoto wachache, hao wengine wapite mlangoni pamoja na mizigo wakati mimi nazungumza na watu wa mapokezi. Yeye alishafanya, tena mara mbili. Nikaupeleka ujanja huo nyumbani nikiwa na furaha, nikautoa mezani wakati wa chakula. Félicité akaweka kijiko chini.

"Mutoto gani utaficha?"

Wavulana wote watatu wakainua mikono. Trésor alitaka sanduku. Tukacheka, lakini nilimwona Odette pale kwenye vyombo, mkono wake umesimama juu ya sahani.

Asubuhi yake nilikuwa navaa viatu niende kazini akanifuata mlangoni.

"Tonton, miye ntabakia. Ile michezo inanipatia kizunguzungu."

Nikamuuliza amejuaje na hajawahi kuipanda. Akatabasamu kama mtu mzima. Akasema ataenda Ganshoren kwa maman Charlotte, yule mzee wa kanisani kwetu, amsaidie kazi siku hizo mbili. Halafu akasema, taratibu kabisa: "Kwa ile hoteli kuko nyumba ya mbao, iko ya bantu sita. Nimeona kwa kompyuta ya masomo. Mutaenea."

Yaya, nilienda kazini na neno hilo. Mtoto alikuwa ametafuta mwenyewe, akatoa mmoja kwenye saba, na hakuwa na shaka hata kidogo ni nani wa kutolewa. Najua uliyemfundisha ni wewe. Siku ya kupanda ndege ulimshika mabega ukamwambia asimsumbue mjomba wake. Katika masomo yote aliyosoma maishani mwake, hilo ndilo alilolishika zaidi.

Jumamosi nikapiga tena simu kwenye ile hoteli, hapo sebuleni, wote wakisikiliza. Sikutaka ile nyumba ya mbao ya watu sita kama ilivyo. Nilitaka kuwabembeleza waweke kitanda cha saba ndani yake. Yule mama akaniuliza miaka ya watoto. Nikaanza na wakubwa: kumi na tatu, kumi na tatu. Akanikatiza kwa furaha: mapacha?

Sasa unakumbuka ule mwaka wewe na Félicité mlivyokuwa mnazunguka uani na matumbo yenu kama magunia mawili ya unga. Odette akatangulia kuzaliwa, wiki chache baadaye Clarisse. Kumweleza yule mama kwamba mmoja ni wa dada yangu, na kwamba kwetu wa dada yangu ni wangu, kungemaliza kadi nzima. Nikasema, "Oui, madame, des jumelles." Akafurahi, akanipongeza, halafu akasema kitanda cha saba hakiwezekani, labda mmoja abaki kwa bibi yake. Nikamshukuru, nikaweka simu.

Watoto walikuwa wanacheka. Félicité alitoka jikoni, na yeye hakucheka.

"Umesema ni mapasa," akaniambia.

"Nimesema kwa Muzungu wa hoteli."

"Umesema mbele yao."

Wewe unawajua watu wa kwao, Yaya. Mimi nilidhani nawajua. Kwao mapacha, hao mapasa, hawachezewi. Ukimnunulia mmoja viatu, unamnunulia mwenzake siku hiyohiyo. Ukimpeleka mmoja safari na kumwacha mwingine, umewakosea wote wawili, na nyumba haitatulia. Mama mkwe wangu alizaa mapacha wa kiume, na mpaka leo Félicité hawezi kumtumia mmoja wao shati bila kutafuta la pili linalofanana. Nikajitetea kwamba mimi ni Mkristo. Akasema yeye pia, tena kanisani anafika kabla yangu.

Odette akasema kwa upole, "Maman, lakini hatuko mapasa ya kweli. Miye ntabakia tu."

"Si miye nilisema," Félicité akamjibu. "Tonton yako amekuzaa na simu, mulaumu yeye. Mapasa habaachane. Tunaenda wote ao hakuna anayeenda."

Akavuta kiti, akakaa, akagawa majina papo hapo, kama wanavyofanya kwao. Anayetangulia kuzaliwa ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga. Odette alitangulia, basi Odette ni Mbuyi. Clarisse, ambaye tangu azaliwe ndiye anayetoa amri kwa watoto wa nyumba hii, akasimama.

"Maman, miye ndiye mukubwa hapa."

"Ulikuwa."

Kwa hiyo shida yangu ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa na baraka za ukweni. Nikaenda kuilalamikia kazini. Muuguzi mmoja Mbelgiji, Mflamand, tunasukuma naye vitanda, akanisikiliza mpaka mwisho wa korido, kisha akaniambia kosa langu ni kutafuta hoteli ya familia. "Ninyi si familia," alisema, "ninyi ni kundi." Alimaanisha nitafute mahali wanapolala wanafunzi na vijana wa skauti. Na kweli, karibu na uwanja ule, ndani ya msitu, kulikuwa na nyumba ya vijana yenye vyumba vya vitanda vya kupandana, kimoja juu ya kingine. Chumba cha watu wanane, kwa bei ndogo kuliko chumba kimoja cha ile meli. Mashuka unakuja nayo. Sahani unaosha mwenyewe. Félicité akauliza kama sufuria inaruhusiwa, wakasema ndiyo, na hapo moyo wake ukatulia. Wavulana waliililia meli yao siku nzima, mpaka waliposikia kwamba kuna kulala juu.

Tulisafiri kwa treni, halafu basi, halafu kwa miguu, mimi nikiwa na sufuria begani. Tulipofika watoto wakatukimbia wakapanda ngazi. Odette akawa wa kwanza, akatupa mfuko wake juu ya kitanda cha dirishani, kisha akatoka kumpeleka Trésor chooni. Walikuwa wamesharudi chumbani, na mimi na Félicité tulikuwa bado tunapanda na mizigo, tuliposikia sauti kutoka ndani, na kwanza sikuitambua.

"Toka. Ni kitanda yangu."

"Miye nimelala hapa," hiyo ilikuwa ya Clarisse.

"Nilitia sac yangu. Toka, Kabanga. Mbuyi ndiye anachagua."

Kisha kishindo, mto ukagonga ukuta, kitu kizito kikaanguka, nadhani Clarisse, na Trésor akaanza kulia kwa sababu wengine walikuwa wanafanya kelele bila yeye. Nikaruka kwenda kufungua mlango. Félicité akanishika shati.

"Wachana nabo," akasema.

Tukabaki pale kwenye korido kama wezi, tunasikiliza. Odette alikuwa anapiga kelele, Yaya. Alikuwa anadai. Félicité aliziba mdomo kwa kitambaa, nikadhani anacheka, kumbe alikuwa anacheka na kulia pamoja. Tulipoingia, mtoto wako alikuwa amekaa juu ya kitanda cha dirishani, nywele zimesimama, shavu lina alama ya kucha, na hakuniomba msamaha.

Kuhusu ile michezo nitakueleza kidogo tu. Kuna treni inayopanda kama inaenda kumwona Mungu, halafu inabadili mawazo. Wasichana walinikalisha katikati yao. Kizunguzungu nilikipata mimi. Odette alipanda mara ya pili, na ya tatu, na mimi nikakaa kwenye benchi na Félicité, nikiwa nimeshika sufuria, nikijifanya nailinda.

Tangu turudi nyumba imekuwa soko. Wanagombania chanuo, wanagombania bafu, juzi walikaa siku nzima hawasemeshani kwa ajili ya sketi. Jumapili nyama ilipopita Odette alichukua kipande kikubwa, kile nilichokuwa nimekiwekea macho mimi, na hakusema asante.

Sasa nakuomba jambo. Siku si nyingi atakupigia simu akulalamikie. Atasema Clarisse ni mchokozi, tonton anapendelea wavulana, maman anawachosha na habari za mapasa. Tafadhali, Yaya, usimwambie avumilie. Usimkumbushe kwamba yuko kwa watu. Mwache aseme mpaka kadi iishe, nitanunua nyingine.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu iko ndani ya mfuko uliokuja na barua hii, asimgawie jirani. Msalimie mdogo wetu wa mwisho, mwambie harusi yake tunaisikia kila mwaka. Wasalimie shemeji zangu wote, na yule mzee wa kwaya aliyenifundisha sauti ya chini. Sasa hata bila kuimba ninayo, ya kukoroma. Niliwanyima wote usingizi chumbani kule msituni, na asubuhi mtoto wako ndiye aliyenigombeza kwa niaba ya wote.

Uliniuliza kama amezoea. Jibu langu la kwanza lifute, andika hili: ananigombeza.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, baba wa mapacha kwa njia ya simu,

Dieudonné