Tumpe Katokea Mlango wa Nyuma

Mama,

Salamu kwanza. Najua nikianza na habari kabla ya kukuamkia, barua hii utawashia moto. Shikamoo. Sisi wazima, migomba imezaa, na mvua ya Ikuti unaijua, haina adabu.

Lile kundi la familia la wasapu ulikuwa ukiliita baraza la wasiosalimiana. Ulipoondoka ndiyo likazidi. Mtu anaamka na lawama, anajibiwa kwa kejeli, shikamoo hakuna. Nikikumbuka ulivyokuwa ukituambia, "Salimia kwanza, ugomvi hautakukimbia," nilikuwa nalia, halafu nacheka.

Basi kaka Anyosisye akamnunulia Baba simu ya kupangusa, akamwingiza kundini. Papo hapo Tumpe, mke wa kaka, akajitoa. Hakuaga, hakuandika neno. Mama, palichafuka! Huyu anasema anamdharau mzee, yule anasema ana lake moyoni. Anyosisye naye, kwa aibu, akaandika mbele ya ukoo mzima kwamba atamrudisha kwao Masukulu. Kule Isongole wanakoishi, Tumpe akaanza kufungasha nguo. Niliogopa, Mama. Nyumba ya mwanao ilikuwa inabomolewa kwa kidole gumba.

Ndipo nikakumbuka jiko lako. Baba akikohoa uani, Tumpe anaacha mwiko chunguni na kutokea mlango wa nyuma, maana kwetu mke wa mwana hakai mahali pamoja na baba mkwe wala hasemi naye uso kwa uso. Sisi tukimcheka, wewe unatukemea: "Mwacheni, anampisha mkwewe."

Nikampigia. Hata swali sikulimaliza. "Wifi, baba mkwe kaingia, mimi ningekaaje humo?" Na akalia, maskini, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikaingia kundini. Nikasalimia kwanza, mmoja mmoja kwa jina, kuanzia Baba mpaka mtoto wa mwisho, kama wewe ulivyokuwa ukifanya ukifika penye watu. Kisha nikaeleza taratibu bila kumsuta mtu. Baadaye Baba akatuma sauti. Kikohozi kwanza, halafu: "Ndaga, asante, mwanangu. Humu ndani huyo peke yake ndiye aliyeniheshimu. Mrudisheni kundini. Tukiwa na neno tutapitia kwako."

Anyosisye akaomba radhi palepale alipomvunjia mkewe heshima. Nilihisi nimetua mkungu wa ndizi kichwani. Usiku ule nililala, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nililala usingizi mzuri.

Ungewaona sasa. Baba anaandika, "Subilaga, mwambie mke wa kaka yako viazi vimefika, ndaga." Tumpe anajibu, "Wifi, mwambie mzee nimefurahi." Wote wamesoma, na wote wananingoja nipeleke ujumbe! Nami napeleka, neno kwa neno. Na watu wameanza kusalimiana. Hata shangazi, yule mwenye ulimi wa upupu, jana aliuliza tumeamkaje kabla ya kulalamika.

Pumzika, Mama. Humu nitasalimia kila asubuhi kwa niaba yako. Na mtu akitoka kimya, nitamuuliza kabla sijamhukumu. Ule mlango wako wa nyuma hautafungwa nikiwa hai.

Mwanao,
Subilaga