Pale Kidole Kinapojikwaa

Pasiansi, Mwanza
9 Oktoba 1994

Mpendwa Kaka Venant,

Shikamoo. Najua umeninunia, na una haki. Kinanda ulichomtumia Queen kilifika tangu masika, na mimi hata asante sijaandika. Nisamehe. Kila nikishika kalamu mtoto anaamka, nikimlaza nasinzia naye hapo hapo. Hujambo lakini? Joto la Dubai limepungua? Na kule ghalani, bado mnabebeshwa maredio hata Ijumaa?

Sisi wazima. Queen ameota meno, ananing'ata. Baba yake yuko kivukoni Busisi, anarudi Jumamosi akinuka dizeli.

Sasa sikia habari ya kinanda. Wewe uliagiza tu nibonyeze kitufe chekundu, kitajipigia chenyewe. Nikabonyeza, Queen akalala. Basi ukawa ndio wimbo wake, mpaka nikawa nauimba puani nikifua.

Aftab, kijana wa duka la vitambaa ambaye naimba kwenye bendi yake, aliusikia alipokuja nyumbani kunichukua twende mazoezini. Akaupenda. Sasa kinanda kinaanza peke yake, tii-tii kama saa ya mkononi, halafu gitaa lake la umeme linaingia likinguruma, Mihayo anapasua ngoma, na mimi naimba maneno niliyotunga mwenyewe. Roki kabisa, kaka!

Ila pale katikati sauti inakwama kidogo, kama mtu aliyejikwaa, ndipo inaendelea. Aftab alitaka kupanyoosha. "Dada Teo, mashine imekosea, hapa panatutia aibu." Nikamjibu, "Panyooshe, halafu ukaimbe mwenyewe." Pakabaki. Siku hizi ukumbini watu wakifika pale wanainua mguu mmoja, wanangoja, halafu wanakanyaga kwa pamoja. Sakafu inatikisika.

Wiki mbili zilizopita betri ziliisha. Mihayo akaweka mpya, akabonyeza kitufe. Ukatoka wimbo mwingine kabisa, umenyooka kama rula. Wetu umefutika. Aftab akahangaika na vitufe vyote, wapi! Akasema, "Kumbe kuna mtu aliupiga akauhifadhi humu."

Nikakaa juu ya spika. Nikakuona tena kanisani Nansio enzi zile, ukipiga kinanda kwa kile kidole kilichokakamaa tangu ulipochomwa na ndoana, kwaya nzima tukingoja kidole kifike. Jumapili yake nikavuka ziwa kwenda Nansio kumwimbia Mama. Hata sijamaliza akacheka: "Si Venant huyo? Bado anachechemea?"

Kwa nini hukuniambia? Mimi miezi yote nashukuru kiwanda.

Kabla ya Krismasi tunakwenda Dar kurekodi kaseti. Aftab alitaka iandikwe mtunzi ni bendi, eti sauti ya mashine haina mwenyewe. Nimewaambia jina la kaka yangu linaandikwa, la sivyo wapande treni bila mimi. Wakatazamana. Mihayo akasema, "Mama Queen akishasema, kesi imekwisha." Imekwisha kweli. Ila wewe ndiye mwenye wimbo. Ukikataa, tutauacha, na mimi mwenyewe nitawaambia.

Jambo moja linanisumbua. Kinanda kilikuwa kinaukata wimbo kabla haujaisha, kisha kinauanza upya. Sisi tunafunika kwa ngoma, watu hawajui. Lakini mimi najua hukuishia pale. Na Queen tangu ufutike halali. Nikimwimbia ananitazama kama mgeni.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Aftab anaomba radhi kwa kukuita mashine. Mungu akutunze huko ugenini, na hicho kidole usije ukapelekwa kukinyoosha.

Mdogo wako akupendaye hata akisinzia,
Teodora

Mtu akija huku, mpe haya: betri za kinanda, zile nene, waya wa gitaa ulio mwembamba kuliko wote, ndio unaokatika, poda ya mtoto, jibu lako, na kaseti yenye wimbo wetu, umeupiga mpaka mwisho wake. Usiurekebishe.