Kioo Kilichofunikwa Shuka

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama yako mzima, ananuna kwa afya kabisa. Mimi hivyo hivyo.

Nimemkata sikio fundi saa, mteja wangu tangu hujazaliwa. Si sana, lakini damu ni damu. Unajua ninavyonyoa: macho kwenye kioo, namtazama mtu usoni, namsimulia, mkono unajiendea wenyewe. Safari hii nilidhani wembe uko shingoni. Haukuwako.

Daktari aliniambia nifumbe macho niguse pua, nikajidunga jicho. Amesema ni MS, ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu. Mkono una nguvu, ila hauniletei habari uko wapi. Nimefunga kibanda. Naogopa, mwanangu. Sijui kazi nyingine.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ingawa barua yako niliisomea kazini nikalilia kwenye rundo la mashuka. Hapa hospitali ninapofua yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikamweleza habari zako. Anasema macho yanaweza kuuongoza mkono wa namna hiyo: uutazame wenyewe, usitazame kioo. Na maongezi yanakuhamisha macho, Baba. Kwa hiyo wembe uache, anza na mashine, na ufunge mdomo. Nisamehe, nimeandika kama nilivyoambiwa.

Binti yako

7 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, nawe uwe hivyo. Kinyozi asiyeongea ni nani, daktari wa meno? Hata hivyo nimerudi kujifunza kama nilivyoanza ujanani: puto lililopakwa povu, na wembe. Nikiutazama mkono, puto linapona. Nikianza kumsimulia mama yako, linapasuka, naye anaruka. Ameniambia nichague, hadithi au kazi.

Baba yako

30 Mei

Shikamoo Baba,

Hali zenu? Mbona kimya? Mama ananiambia kwenye simu kwamba unashinda kibandani. Unafanya nini kwenye kibanda kilichofungwa? Nijibu hata mstari mmoja, nipate usingizi.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu, na wewe lala usingizi. Nimefungua. Wembe nimeuacha, natumia mashine. Kioo nimekifunika shuka, wateja wanalalamika hawajioni.

Wa kwanza kuketi alikuwa fundi saa. Sikumwita, alikuja mwenyewe na sikio lake. Nikamwambia mimi siku hizi siongei.

"Basi leo naongea mimi," akasema.

Nikaukodolea macho mkono, mashine ikapita polepole, naye akaanza. Kumbe mkewe alifariki mwaka juzi. Na mimi kila akija namwambia amsalimie mama watoto, naye hujibu zitafika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuwahi kuniachia nafasi."

Nikazima mashine, maana siwezi tena kutazama viwili kwa pamoja, nikamtazama yeye.

Baba yako