Wiki Tatu za Kumkataza Meja Kula Mavi

Jumamosi. Jua limezama, Sabato imeisha, na mvua iliyoanza saa sita bado inagonga mabati. Nimenawa mikono mara nne.

Nataka kuandika sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya.

Meja ni mtoto wa mbwa niliyepewa na rafiki kule Nyamache. Mweusi, mguu mmoja mweupe, masikio hayajaamua yasimame au yalale. Kwa wiki tatu amekuwa akila mavi. Samahani, sina neno lenye adabu zaidi. Anapotea kidogo, kisha anarudi mdomo umechafuka, mkia unacheza, eti nimpakate!

Aibu yenyewe ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Nauza dawa za mifugo hapa Magwagwa. Mtu akija na shida hiyohiyo namjibu bila hata kuinua macho: mpe dawa ya minyoo, mwongezee chakula, na kinyesi ukikiona kiondoe mara moja, asikikute. Mganga hajigangi, jamani. Meja nilimpa dawa ya minyoo. Nikampikia ugali na omena. Nikanyunyiza pilipili nyuma ya choo na kule kwenye migomba, kila mahali nilipodhani anaupata huo uchafu. Nilimchapa pia, mara mbili, kwa kijiti cha mchai. Alilia sana, na kesho yake akala tena.

Sehemu moja tu sikuitazama.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kushoto umekufa, ulimi ni mzito, ila akili iko timamu kabisa. Yeye analala katika nyumba yake, mimi katika yangu, boma ni moja. Dada yangu ameolewa mbali na ana mapacha wanaonyonya. Mimi sijaoa, na Magwagwa nzima ina maoni kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo anayemwosha mama ni jirani yetu, Mama Moraa, asubuhi na jioni, Mungu ambariki.

Mimi huishia sebuleni. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima inayomtenga mzazi na mtoto wake katika mambo ya mwili. Mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba anacholala mama yake, sembuse kuuona uchi wake. Sikumbuki mtu akinikalisha chini na kunifundisha, nilikua nikijua tu. Basi namsalimia mama kupitia pazia la mlango wa chumba chake. Naunyoosha mkono na kikombe cha uji hadi kwenye kigoda kilicho karibu na kitanda, macho yangu yakitazama ukuta. Namuuliza kama yuko sawa. Anasema yuko sawa.

Nilimwamini kila siku kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Leo Mama Moraa alikuja alfajiri kama kila Sabato, akamaliza, akaenda kanisani. Akienda hivyo ni hadi jioni. Mimi nilibaki nyumbani, nikamfunga Meja kwa kamba nyuma ya jiko, nikamwambia leo tutajuana. Saa nane nikakuta kamba imetafunwa. Nyayo za matope zilikatiza uani, zikaingia nyumbani kwa mama, zikapita sebuleni hadi chini ya pazia.

Nilimwita. Akatoka akilamba mdomo.

Nilielewa papo hapo. Kitambaa anachotandikiwa chini yake kikichafuka, mama hukivuta kwa ule mkono mmoja mzima na kukiangusha sakafuni, asikilalie. Kisha hungoja jioni. Na kabla jioni haijafika, Meja huwa ameshapita.

Nikashika ufagio nimpige. Ndipo sauti ya mama ikaja kutoka nyuma ya pazia, polepole, neno baada ya neno.

"Mwache, Onchiri. Huyo angalau huingia."

Nikiri: kwanza nilikasirika, na nilimkasirikia yeye. Kwa nini hakuniita? Lakini aniite nifanye nini? Nikae sebuleni nimwonee huruma? Watu wazima wenye ng'ombe zao nimewaambia mara ngapi, ondoa kinyesi asikikute, na kwangu mwenyewe nimehangaika na pilipili!

Nilipasha maji. Nikachukua glovu nilizokuwa nazo, zile ndefu za kufika begani anazovaa daktari akimzalisha ng'ombe. Sikuwa na nyingine. Nikasema, "Mama, naingia." Akasema hapana. Alisema hapana mara tatu.

Nikaingia.

Alijifunika uso kwa leso na hakuitoa. Nilimwosha. Sitaandika zaidi, isipokuwa hili: chini ya mgongo ana kidonda. Mama Moraa aliwahi kuniambia, nami nikanunua dawa ya kupaka, nikamkabidhi, wala sikuuliza kina ukubwa gani. Ni kikubwa kuliko kiganja changu. Nililia nikiosha, na leso ya mama ilikuwa ikitetemeka, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Nilipomaliza nilimfunika blanketi safi, nikamuuliza kama atakunywa uji.

"Toka sasa," akasema kutoka chini ya leso. "Niitie Meja."

Nikamwita. Akapita katikati ya miguu yangu kama mwenye nyumba. Nilisimama sebuleni nikamsikia mama akimsemesha, akimtania kuhusu masikio yake, kwa sauti ambayo hajanisemesha nayo tangu augue.

Sijui kama nilitenda mema au nilimvunjia mama kitu ambacho hakiungiki. Kesho asubuhi nampeleka hospitali, kidonda kitazamwe. Baada ya hapo nitaingia mchana kila siku, Sabato au siku ya soko, hata akikataa, na Meja hatakuta tena kitu sakafuni. Hilo nimeliamua.

Lakini nikiingia, mama yangu atanionyesha uso wake lini?