Nani Amelishona Pazia

Mwenzangu, hebu sikia yaliyonikuta leo kanisani.

Si nilikuwa nawafundisha kina mama tofauti ya agano la kale na jipya? Nikapaza sauti kabisa: pazia la hekalu lilipasuka juu mpaka chini, hakuna tena wa kubaki nje!

Akasimama fundi cherehani, mama wa yule binti tuliyemtenga kwa kuzaa kabla ya ndoa. Polepole tu: "Mwalimu, nani amelishona tena?"

NANI AMELISHONA TENA. Yaani!

Akanyoosha kidole dirishani. Binti yuko juani, mtoto mgongoni, anasikiliza.

Nikatoka mbio. "Ingia, mwanangu."

Akarudi nyuma. "Siruhusiwi, mama. Ile barua ya kunitenga uliniandikia wewe."