Mstari Mweupe Kwenye Skrubu ya Mtutu

Ndugu yangu Mohinder,

Wanachama wa klabu wamenitaka niseme machache juu yako. Nimeomba ruhusa niseme nawe, tena kwa Kiswahili, lugha tuliyoitumia sisi wawili katika uwanja huu wa shabaha huku ugenini: wewe mtoto wa Kisumu mwenye kilemba, mimi mtoto wa Kisumu mwenye rozari. Wengi walioketi hapa hawaielewi. Binti yako Simran anaielewa, ijapokuwa atanijibu kwa Kiingereza, kama alivyokujibu wewe maisha yake yote.

Tangu tukuage, chai ya tangawizi haichemshwi tena hapa; wamerudia ile ya vifuko. Hakuna anayenitania. Pale Longbridge, kwenye kiwanda ulimofunga injini za magari ujana wako wote na ambacho sasa ni maduka, nilipita kununua mkate, nikasimama katikati ya duka nisijue nimefuata nini.

Ila linalonileta mbele yako ni bunduki yako.

Ni bunduki ya shabaha, ya kuungwa kwa vipande, na ubishi wetu juu yake haukuwahi kwisha. Wewe ulishikilia kwamba mtutu ukichakaa, unalegeza skrubu, unauchomoa, unaingiza mwingine. Mwili na darubini vinabaki vilevile. Mimi nilisema heri kuinua sehemu yote ya juu, mtutu na darubini yake vikiwa vimeshikana, na kupachika nyingine nzima iliyokwisha kulengwa. Ulicheka. "Daktari," ukaniambia, ingawa ulijua fika kwamba mimi ni mfamasia wa hospitali, "wewe jino likimuuma mgonjwa, unambadilishia kichwa." Nikakujibu kwamba wewe unamng'oa jino, kisha mgonjwa hakumbuki kwake ni wapi. Maana mtutu ukibadilishwa, risasi haiendi tena palepale. Lazima kulenga upya.

Hilo hukulikana. Ndiyo maana ulikuwa na desturi yako. Ukishakaza skrubu, ulichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa bunduki, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike, tuone. Kisha ulifyatua risasi moja bila kuigusa darubini, iangukie popote. "Hiyo ni ya salamu," ulisema. "Salamu haikosolewi."

Bunduki ilikaa kabatini mwa klabu hadi leseni ya Simran ilipokamilika. Sasa ni yake kihalali. Anataka kuitumia Jumamosi, katika shindano la kukukumbuka, kwa mtutu mpya ulioununua mwenyewe, kwa kuwa wewe ulikwisha kutuambia kwamba ule wa zamani umechoka. Ameniomba mimi niubadilishe, maana ni mimi niliyekuwa nikikutazama ukifanya kazi. Alisema kwa upole kwamba ni mtutu tu.

Nilikaa mezani pako na spana mkononi. Mstari wako upo, Mohinder. Mweupe, umenyooka, haujakatika. Katika vyote ulivyovikaza kwa mkono wako, hiki ndicho ninachokijua ambacho bado kimekaza. Na nikiigeuza spana, hata kidogo tu...

Sikuweza. Niliirudisha bunduki kabatini.

Laiti ungenisikiliza. Kwa njia yangu ningeiinua sehemu ya juu nzima na kuifunga kwa kitambaa, mstari wako ukiwa salama, darubini ikiwa bado imelengwa kwa jicho lako, na Simran angetumia nyingine. Njia yako haibakizi kitu. Hoja yangu imeshinda, ndugu yangu, na sina wa kumtambia.

Walionitangulia kusema hapa wametuahidi kwamba muda utatuponya. Wamesema kwa nia njema. Lakini mimi kazi yangu ni kutoa dawa, na ninajua rafu ipi ni tupu.

Hata hivyo mtutu umechoka, na aliyesema hivyo ni wewe. Jumamosi asubuhi nitaukata mstari wako. Nitaingiza mtutu mpya, nitakaza, nitachora mstari wangu juu yake. Utapinda, kwa maana sijawahi kuuchora mimi. Simran atapiga risasi ya kwanza, nami nakuahidi kwamba hakuna atakayeigusa darubini kabla yake. Iangukie itakapoangukia. Tutasogea sote hadi kwenye karatasi ya shabaha, na hapo tutaona kwa macho yetu umekwenda mbali kiasi gani.

Kisha tutalenga upya. Sioni kwa ajili ya nini, ila ndivyo ulivyotufundisha.

Kwaheri, Mohinder.

Ni mimi, daktari wako asiye daktari.